Jicho Linapobeba Kazi ya Vidole

Msikilizaji, Kwale ni miongoni mwa kaunti za Kenya ambako ukoma bado unaonekana, na Msambweni imejulikana kwa miaka mingi kama mahali pa kuutibu. Dawa zake hutolewa bure, na zinaponya. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hairudi kirahisi, na hapo vidole hubaki na ganzi.

Mwenye hisi timamu akishika glasi ya maji, ngozi humwarifu papo hapo ikianza kuteleza, naye hukaza kidogo tu. Mwenye ganzi hana taarifa hiyo. Hukaza kupita kiasi, mpini wa jembe ukamchubua, sufuria ikamuunguza, asijue mpaka aone lengelenge.

Jicho ndilo linalobaki kupima nguvu. Linaweza, ila huchelewa kuliko ngozi, na halitakiwi kubanduka. Utafiti wa Vaillancourt na Russell uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hata watu wenye afya, wakiondolewa mchoro wa kwenye skrini unaowaonyesha nguvu ya vidole vyao, nguvu hiyo huanza kushuka baada ya sekunde moja hivi, bila wao kukusudia.

Sasa mfikirie mama anayeepua chungu jikoni gizani: kuhisi hahisi, kuona haoni. Kwa maoni yangu, taa, mishikio minene ya mbao na mafunzo ya kukagua mikono kila jioni ni matibabu kamili, na bajeti ya afya ya kaunti iviweke pamoja na vidonge.