KUHIFADHI HABARI ZA MAMA ZETU
(Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mwaka huu Halmashauri ilituagiza kuandika historia fupi ya chama chetu. Kazi hiyo tuliidhani nyepesi, maana madaftari ya mikutano yamo kabatini, yamepangwa vema. Tuliyasoma yote. Tuliona majina ya wenyeviti, ya waweka hazina, hata ya waliotozwa faini kwa kuchelewa. Jina la mwanamke hatukuliona hata moja. Mahali pengi imeandikwa tu, "Akina mama walipika chakula". Na maneno hayo, mara nyingine, ni ya mwandiko wetu wenyewe. Kosa hilo twalikiri mbele yenu.

Ndipo tulipokwenda kwa mjane wa mmoja wa waasisi. Alituuliza, "Mwataka habari za marehemu, au zangu?" Tulipomjibu kwamba twataka zake, alinyamaza kitambo, maana hakuwahi kuulizwa. Kisha akatueleza kuwa, kabla chama hakijaweka fedha benki, sanduku la fedha lilikaa chini ya kitanda chake. Msiba ukitokea usiku, yeye ndiye aliyetoa fedha za sanda, na mweka hazina akaandika asubuhi. Basi daftari lasema mweka hazina alitoa.

Wazee wetu, jambo hili si la chama chetu peke yake. Fikirini habari za Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwahimiza Wagiriama wasikubali kutozwa kodi wala kufanyizwa kazi kwa nguvu. Serikali ya Kiingereza ilimkamata mwezi wa Oktoba mwaka huo, ikampeleka Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka, wakarudi kwao pwani. Wagiriama hawakumsahau, lakini mafaili ya serikali yalimtaja kwa kuwa aliisumbua serikali. Je, mwanamke aliyelima, akazalisha wenziwe, akalea mayatima, kisha akafa bila kugombana na mkubwa yeyote, ni nani aliyemwandika? Habari zake zimo vinywani tu, na kinywa huzikwa pamoja na mwenyewe.

Hata hivyo njia imekwisha kuonyeshwa, tena hapa kwetu pwani. Katika miaka ya 1970 mwanahistoria wa Marekani, Margaret Strobel, alikaa Mombasa akiwauliza wanawake habari za maisha yao. Baadaye yeye na Sarah Mirza walitoa kitabu cha maisha ya wanawake watatu: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala, na Shamsa Muhamad Muhashamy. Bi Kaje alitoka katika ukoo uliomiliki watumwa. Bi Mishi alikuwa wa kizazi cha waliokuwa watumwa. Sheria yatwambia kwamba utumwa ulifutwa mwaka 1907. Wanawake hawa watwambia jinsi watu walivyoendelea kuishi pamoja baadaye, katika harusi, katika ngoma na katika malezi. Habari za namna hiyo hazipatikani katika sheria yoyote.

Kitabu kilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989; na mwaka 1991 kikatoka kwa Kiswahili, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Hapo ndipo penye funzo kubwa. Maneno yaliyotolewa kwa Kiswahili yalirudishwa kwa Kiswahili, hata mjukuu aweza kumsomea bibi yake barazani.

Nasi tulijaribu kufuata njia hiyo. Tulirudi kwa yule mjane, tukamsomea tuliyoandika, jioni, uani kwake, mbele ya jirani zake. Kabla hatujafika nusu alituzuia. "Hamkuandika sawa," alisema. "Sanduku hatukulilinda mimi peke yangu. Tulikuwa watatu, kwa zamu." Jirani mmoja akaongeza kwamba yeye ndiye wa pili. Tulipouliza wa tatu yuko wapi, tuliambiwa amefariki, mwezi mmoja kabla hatujaanza kazi hii. Tena mjane alituomba tufute habari moja ya ugomvi wa ndugu. Tuliifuta mbele yake, maana habari ni mali ya mwenyewe, na karani ni mchukuzi tu.

Kwa hiyo twaiomba Halmashauri ikubali mambo matatu. Kwanza, taarifa ya kila mwaka itaje wanawake kwa majina yao na kazi waliyoifanya. Pili, kila mwanachama amwendee mama mzee mmoja wa jamaa zake, amwulize habari zake mwenyewe, wala si za mumewe. Na asichapishe neno kabla ya kumsomea. Tatu, itengwe siku moja kwa mwaka ya kuzisoma habari hizo hadharani, na watoto wa shule waalikwe.

Majina ya wale watatu tumekwisha kuyaandika katika daftari la chama. Mawili tuliyapata kwa wenyewe. La tatu tulilipata kwa kusimuliwa, na hatutaki kuliandika jina jingine kwa njia hiyo.