Mtindi na Ahadi Zake

Elie Metchnikoff alikunywa maziwa machachu kila siku akiamini yatamchelewesha kuzeeka. Mwanasayansi huyo wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alidai kwamba bakteria wanaoozesha chakula kwenye utumbo mpana hutoa sumu, na kwamba uchachu wa mtindi huwadhibiti. Alifariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Tuzo ya Nobel aliyopata 1908 ilihusu kinga ya mwili, wala si mtindi, jambo ambalo wapiga debe wa mtindi hulisahau upesi.

Dai lake, hata hivyo, lilishasambaa. Mwaka 1919 Isaac Carasso alipoanza kutengeneza yoghuti ya Danone mjini Barcelona, iliuzwa katika maduka ya dawa.

Je, kilichothibitika ni kipi? Ni jambo la kawaida zaidi kuliko maisha marefu, na kwa mlaji lina faida zaidi: tumbo kutulia. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Mtoto huimeng'enya kwa kimeng'enya cha laktasi, lakini watu wazima wengi duniani hupungukiwa nacho. Wakinywa maziwa matamu, tumbo hujaa gesi, huunguruma na kuharisha. Bakteria wa mtindi hula sehemu ya laktosi hiyo na kuigeuza asidi, ndiyo maana maziwa huganda. Wakifika tumboni wakiwa hai, huendelea na kazi. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilikubali dai kwamba bakteria hao husaidia kumeng'enya laktosi, ila kwa sharti: kila gramu ya yoghuti iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100. Yoghuti iliyopashwa moto baada ya kuganda ili ikae sana dukani haiwezi kutimiza sharti hilo, hata kopo likipambwa vipi. Na zile zenye ladha ya stroberi mara nyingi huwa na sukari nyingi ya kuongezwa.

Wafugaji wa Afrika Mashariki walipata njia mbili za kukabiliana na laktosi. Utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa baadhi ya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya kijeni yanayowaachia laktasi hadi utu uzima, tofauti na yale ya Wazungu. Njia nyingine ni kibuyu. Wakalenjin hukisugua ndani kwa mkaa wa miti teule, kisha huchachushia maziwa humo na kupata mursik, kinywaji ambacho wanariadha hulakiwa nacho wakirudi na medali.

Kibuyu nacho kina mipaka yake. Uchachu si kinga ya kutegemewa dhidi ya vimelea vya ugonjwa wa brusela, na uchunguzi wa sampuli za mursik umekuta asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani.

Mwanza, mwaka 2004, kikundi cha wanawake cha Tukwamuane kilianza kutengeneza yoghuti yenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha Kanada. Tafiti zilizofuata kuhusu athari ya yoghuti hiyo kwa kinga ya watu wanaoishi na VVU zilitoa majibu yaliyotofautiana. Jikoni, utaratibu haukuwa na utata: maziwa huchemshwa kwanza, hupozwa hadi yawe vuguvugu, ndipo kimea chenye bakteria hao hutiwa.