Msitu wa Wazee Usio na Watoto



Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kwetu litaonekana kama mambo yaliyogeuzwa juu chini. Tumezoea kuambiwa kwamba msitu wenye wanyama wengi ndio msitu wenye afya, kwamba mwenye bunduki ni adui wa wanyama, na mwenye shoka ni adui wa miti. Lakini liko jimbo moja la Marekani, Pennsylvania, ambako mabwana misitu kwa miaka mingi wamekuwa wakiwaambia wenye misitu hivi: kama mnaupenda msitu wenu, punguzeni majike ya wanyama kwa risasi, kisha kateni baadhi ya miti. Na kwa kusema hivyo wamechukiwa na watu wengi.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Katika mbuga zetu hayupo. Kamusi zetu humwita kulungu au paa, lakini kulungu na paa wa kwetu ni wa ukoo mwingine, nao hukaa na pembe zilezile maisha yao yote. Huyu wa kule, dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine zenye matawi. Wasomaji wa Biblia wanamfahamu kwa jina la ayala, nami nitatumia jina hilo. Ayala wa Pennsylvania mkia wake ni mweupe upande wa chini, na akishtuka huuinua kama mtu anayepunga leso.

Jina la Pennsylvania lenyewe maana yake ni misitu ya Penn, jina la ukoo wa Mwingereza aliyekabidhiwa nchi ile na mfalme wake mwaka 1681. Misitu hiyo ilidumu mpaka mwishoni mwa karne ya 19. Hapo makampuni ya mbao yaliingia kaskazini mwa jimbo na reli zao, na kufikia miaka ya 1920 yalikuwa yamekata karibu kila mti. Mti wa hemloki ulitakiwa hata gome lake, kwa ajili ya viwanda vya kutengeneza ngozi. Baada ya shoka ukaja moto, ukateketeza matawi makavu yaliyoachwa. Wanyama nao waliwindwa bila kipimo. Mbwa-mwitu na puma walikwisha, na ayala wakabaki wachache sana.

Mwaka 1895 serikali ya jimbo iliunda tume ya wanyamapori. Mwaka 1906 ayala walianza kununuliwa na kuletwa kutoka nje ya jimbo, na mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya kukataza kuua jike. Kwa wakati ule ilikuwa sheria ya busara kabisa. Ardhi ilikuwa inaota upya, visiki vinachipua, na chakula kiko sawasawa na mdomo wa mnyama. Jike mwenye afya huzaa pacha mara nyingi. Haikuchukua miaka mingi, ayala wakajaa.

Ndipo zilipoanza kambi za uwindaji. Wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya chuma walichangishana fedha, wakajenga vibanda vya mbao katika misitu ile iliyokuwa ikiota upya. Kwa miongo mingi siku ya kuanza msimu wa bunduki ilikuwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani ya mwezi Novemba, na shule nyingi zilifungwa ili watoto waende na baba zao. Tangu 2019 msimu unaanza Jumamosi. Kambi hizo hurithiwa, babu kwa baba, baba kwa mtoto, na pamoja nazo hurithiwa kanuni: mwanamume wa kweli hapigi jike.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tatizo ni hili. Msitu ule uliota kwa pamoja, kwa hiyo miti yake ni rika moja. Leo mingi ina umri wa karibu miaka mia. Ukipita barabarani utausifu: miti mirefu, vigogo vinene. Lakini ingia ndani utazame chini. Ayala mmoja hula kiasi cha kilo 3 za majani, machipukizi na mbegu kwa siku. Mche wa mwaloni ukichomoza, umeliwa. Kinachobaki ni kile asichokipenda, hasa kangaga, majani ya kivulini yanayotanda kama mkeka na kuzuia mbegu nyingine zisipate mwanga. Ni msitu wa wazee usio na watoto. Dhoruba ikiuangusha, hakuna wa kushika nafasi.

Haya si maneno ya kukisia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 wataalamu wa idara ya misitu ya Marekani walizungushia waya maeneo ya msitu kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo, wakaweka humo ayala kwa idadi nne tofauti: 10, 20, 38 na 64 kwa maili moja ya mraba. Walifuatilia kwa miaka 10. Idadi ilipozidi 20, aina za miche zilipungua na kangaga ikatanda. Hata ndege wanaojenga viota katika miti ya kimo cha kati walipungua kwa zaidi ya theluthi palipokuwa na ayala wengi kabisa, kwa kuwa matawi ya kimo hicho hayakuwapo tena.

Niliwahi kutembelea kambi moja huko. Mzee mwenyeji wangu alinipeleka nyuma ya kibanda, mahali alipokuwa amezungushia seng'enge kipande kidogo tu cha msitu. Ndani ya seng'enge miche ilinifika kifuani. Nje yake, hatua moja tu, sikuona mche uliopita goti. Nilimwuliza kama yeye hupiga majike. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Baba yangu alinikataza, na hakuwa mwongo. Alinifundisha sheria ya msitu aliokuwa nao yeye. Mimi nina msitu mwingine."

Kazi yenyewe ina utaratibu, na utaratibu huo hauwezi kugeuzwa. Kwanza ni kupunguza midomo. Tangu 2003 jimbo limekuwa na mpango wa kumpatia mwenye ardhi vibali vya ziada vya majike kwa eneo lake. Pili, kangaga iondolewe palipotanda. Tatu, ndipo chenso iingie, mwanga ufike chini. Anayeanza na chenso kabla ya bunduki amewaandalia ayala karamu tu. Na katika kukata, asichague miti mizuri peke yake akaacha mibovu, maana iliyoachwa ndiyo itakayotoa mbegu. Vilele vya miti iliyoangushwa viachwe palepale vikiwa vimelala ovyo. Mnyama hapiti kwa urahisi, na mche hupata kinga. Asidhani kwamba kumwaga mahindi kambini kutasaidia. Mahindi huongeza wanyama, hayaongezi msitu.

Wawindaji wengi hawakukubali. Kuanzia 2001 na 2002 tume ilipolegeza masharti ya kupiga majike na kuwalinda madume wachanga, mikutano ya hadhara ilijaa hasira, na mtaalamu aliyesimamia mageuzi hayo, Gary Alt, aliacha kazi mwishoni mwa 2004. Malalamiko yao siyadharau. Mtu amefanya kazi kiwandani mwaka mzima, ameketi siku tatu kwenye baridi, hakuona mnyama hata mmoja, huku babu yake alihesabu thelathini kwa asubuhi moja. Lakini wale thelathini wa babu walikuwa wanakula msitu wa mjukuu.

Kwetu mdomo unaotisha mche mara nyingi ni wa ng'ombe na mbuzi, na kanuni ni ileile. Wasukuma wa Shinyanga waliijua zamani kwa jina la ngitili: eneo hufungwa wakati wa mvua ili majani na miti ipumue, likafunguliwa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 uliifufua mila hiyo, na miti ikarudi kwa kuchipua yenyewe, mahali pengi bila kupandwa.

Mwaloni huchukua miaka kama 40 au zaidi kabla ya kuzaa mbegu za kutosha. Mzee yule wa kambini hatakula nyama itakayonenepeshwa na miche iliyo ndani ya seng'enge yake. Anajua hivyo, na kila mwaka kabla ya theluji huenda kukaza waya uliolegea.