Faiba Ikikatika, Kikundi Kisisimame



Leo tuzungumze juu ya waya uliofukiwa kando ya barabara. Wengine husema, "Hayo ni mambo ya Nairobi." Lakini faiba ikikatika, simu hazishiki, M-Pesa inakwama, na mama aliyekuja kulipia dawa anaambiwa angoje.

Faiba ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazobeba habari kwa mwanga. Haziungwi kwa kusokotwa kama waya wa stima. Fundi huziyeyusha ncha kwa mashine na kuziunganisha, uzi baada ya uzi, na waya mmoja waweza kuwa na nyuzi 48 au zaidi. Jembe moja laharibu kwa dakika kazi ya saa nyingi.

Mafundi wanaweza kupunguza shida hii. Kwanza, wawe na njia mbili. Februari 2012, nyaya za Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika, kisha nanga ya meli ikakata waya wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilikatika siku moja. Njia mbili zikipita mtaro mmoja, hizo ni njia moja tu! Pili, matengenezo yafanywe usiku, kama saa sita hadi saa kumi, si siku ya soko. Kabla ya kugusa waya, wahamishie kazi njia ya pili na waijaribu. Tatu, watangaze mapema, hata kwa baraza la chifu.

Na sisi je? Kabla ya kuchimba mtaro wa maji, tuulize waya umepita wapi, na tutazame vigingi vya alama. Mwenye kuona waya uko wazi asiufunike kimya kimya, apige ripoti.

Mweka hazina aandike kila kitu kwa kitabu, na aweke pesa taslimu kidogo za dharura. Marejesho ya mkopo yasingojee siku ya mwisho. Pesa ikichelewa kufika, usitume tena kabla ya kuangalia salio.

Jadilini katika mkutano: Mtandao ukipotea siku mbili, nani kwetu ataumia kwanza? Tumemwekea nini?