Milimita Mbili za Mlima Magara

Msikilizaji, barabara ya kutoka Mbulu mjini kwenda Mbuyu wa Mjerumani inateremka ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona za Mlima Magara. Atokaye Dongobesh kwenda Dareda ana mteremko wake. Wa Hanang naye, hata kama anakaa Katesh kwenye lami ya Babati na Singida, siku akiwa na shughuli Mbulu lazima apande, na aliyepanda atashuka. Katika barabara hizi siku hizi tunayaona magari yaliyoundwa kwa ajili ya mwendo: Subaru Impreza na Forester zenye tabochaja, zilizotumika Japani miaka kumi au zaidi kabla ya kufika huku. Vijana wanazipenda, na mapenzi hayo yana historia, kwa kuwa Subaru ilishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 na 2000, na sifa za ushindi ule hazijafifia Afrika Mashariki. Gari la namna hii likinunuliwa, watu huuliza injini, huuliza gia, husikiliza mlio wa ekzosi. Diski za breki hakuna anayeziulizia. Hoja yangu leo ni kwamba diski iliyolika ibadilishwe mapema kuliko tulivyozoea, na kwamba mwenye gari anaweza kuibadilisha nyumbani kwake, mradi apime kwa kipimo na asikadirie kwa jicho.

Tuanze na kazi yenyewe ya breki, maana wengi tunaamini breki inakamata tairi na basi. Breki inageuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 400 na ushee, uzito wake peke yake, mbali na kasi, unatoa joto la kutosha kuchemsha ndoo nzima ya maji ya lita 20. Kutoka juu Mbulu hadi usawa wa Ziwa Manyara unashuka zaidi ya hapo. Joto hilo ni lazima liende mahali. Sehemu huliwa na injini ukiwa kwenye gia ndogo, sehemu huchukuliwa na upepo, na kinachobaki kinaingia kwenye diski, hasa mbili za mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito mwingi hulalia mbele. Chuma hakina uvumilivu wa maji. Joto linalopandisha kilo moja ya maji digrii moja linapandisha kilo moja ya chuma digrii tisa hivi. Kwa hiyo chuma kilichomo ndani ya diski ndicho ghala la joto. Ghala likipungua, joto linafurika, nalo hufurikia kwenye pedi, kisha kwenye oili ya breki. Pedi zikizidiwa na joto hupoteza mshiko wake, mguu unakanyaga kwa nguvu na gari halipungui mwendo. Oili nayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Ile ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye digrii 205, lakini ikishanyonya maji inaruhusiwa kushuka hadi 140. Ikichemka ndani ya mpira wa breki inatoa mapovu, na mapovu hugandamizika, kwa hiyo pedeli inazama hadi chini bila kushika kitu.

Sasa tazama namba. Diski ya mbele ya Impreza au Forester nyingi za miaka ile ilitoka kiwandani ikiwa na unene wa milimita 24, na kikomo chake cha kutumika ni milimita 22. Mtu anaweza kusema milimita mbili kati ya 24 ni kitu gani. Lakini diski hiyo si chuma kitupu. Ni sahani mbili zilizoachana, katikati kuna vijia vya hewa vya kuipoza, na hewa haiwezi kulika. Milimita mbili zote zimetoka kwenye zile sahani, ndiyo maana hasara yake ni kubwa kuliko hesabu ya haraka inavyoonyesha. Isitoshe, diski ikiwa nyembamba pistoni ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi, hulazimika kutoka nje zaidi ili kuifikia, na pedi mpya zikianza kulika juu ya diski hiyo, pistoni inafika mahali ambapo haikukusudiwa kufika. Sidhani aliyeweka kikomo cha 22 alilifikiria gari lenye watu watano na magunia ya vitunguu saumu ya Bashay nyuma, likishuka Magara adhuhuri.

Kipimo cha kazi hii si kitu cha ajabu. Ni vernia kalipa, ileile anayofundishwa mtoto wa kidato cha kwanza kwenye fizikia, au maikromita ukitaka usahihi zaidi. Tahadhari moja: diski iliyolika huacha ukingo pembeni, pale pedi isipofika, na ukingo huo unabaki na unene wake wa zamani. Ukibana vernia kwenye ukingo utasoma 24 na kujipongeza bure. Pitisha ukucha kutoka pembeni kuelekea katikati, utahisi ngazi. Pima ndani ya ngazi hiyo, sehemu sita au nane kuzunguka diski, na uamini namba ndogo kuliko zote. Diski nyingi zina kikomo chake kimegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa herufi ndogo zinazoonekana ukishafuta kutu. Kutu nayo tuitofautishe. Ile nyekundu ya usiku mmoja baada ya mvua inaondoka kwa kukanyaga breki mara tatu, haina neno. Lakini gari lililokaa miezi kwenye yadi, kisha melini, kisha bandarini, linaweza kuja na kutu iliyochimba vishimo kwenye uso wa diski na kuziba vile vijia vya hewa. Hiyo haiondoki kwa kukanyaga.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote, kwamba breki si kazi ya kufanyia uani, ni kazi ya fundi aliyesomea. Nakubaliana nalo nusu. Kazi yoyote inayofungua njia ya oili, iwe kubadilisha mpira, kufungua silinda kuu au kugusa mfumo wa ABS, iachiwe fundi mwenye ujuzi. Ila kubadilisha diski hakufungui njia hiyo hata kidogo. Nati za tairi zinalegezwa gari likiwa bado chini, linainuliwa kwa jeki, kisha linawekwa juu ya stendi imara, si tofali, kwa sababu tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Bolti mbili za nyuma zinafunguliwa, kalipa inatoka na kufungwa kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa mpira wake. Diski ikiwa imeng'ang'ania kwenye habu, na kwa gari la umri huo itang'ang'ania, wengi hukimbilia nyundo. Itazame vizuri kwanza. Ina matundu mawili madogo yenye nyuzi za bolti ya milimita nane, yaliyowekwa kwa kazi hiyo hiyo. Ukiingiza bolti mbili na kuzikaza kwa zamu, robo mzunguko huku, robo mzunguko kule, diski inajisukuma yenyewe mpaka inaachia kwa mlio mmoja. Kisha habu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe safi. Hapa mtu asifanye haraka. Ganda la kutu lisilozidi unene wa karatasi likibaki pale katikati, ukingo wa diski mpya unayumba kwa kiasi kikubwa zaidi, na baada ya muda usukani utatetemeka kila ukifunga breki, na lawama zote ataangushiwa muuza spea.

Aliyeweza kufunga mashine ya kusaga au kushusha injini ya pawatila anaweza kuifanya kazi hiyo. Na asiyejiamini amlipe fundi aje uani, wafanye pamoja, maana wilaya zetu zina mafundi wazuri ambao hukosa muda kwa sababu ya foleni. Mwenye gari akiwa pale na vernia yake, hakuna atakayepunguza hatua. Mara nyingi diski haibadilishwi kwa sababu mteja mwenyewe amefika gereji akisema, niwekee pedi tu, nina safari. Fundi anafanya alichoombwa. Mazoea haya ya pedi tu ndiyo yanayopeleka diski za milimita 21 mlimani.

Pingamizi la pili linatoka kwa madereva wazoefu, nao wanasema mlima ni gia, breki ni msaada tu. Wako sahihi, na kila anayeshuka Dareda kwa gia kubwa huku ameacha mguu kwenye breki anachoma breki zake hata kama ni mpya. Lakini gia inapunguza kasi, haisimamishi gari. Ng'ombe wakikatiza kwenye kona, ni breki itakayoulizwa, na itaulizwa ikiwa tayari ina moto wa kona tisa zilizopita. Tarehe 24 Februari 2024, pale Ngaramtoni nje ya jiji la Arusha, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakapoteza maisha. Polisi walieleza kuwa lori lile lilifeli breki. Lori si Subaru, na mfumo wake wa breki ni tofauti. Naitaja ajali hiyo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo uzoefu wa dereva hauwezi kulirekebisha baada ya chuma kushindwa.

Pesa nayo tuizungumze bila kuzunguka. Diski mbili mpya ni gharama, na wengi hutafuta njia mbili za kuikwepa, kuchonga zile za zamani kwenye mashine au kununua za mtumba. Kuchonga kunanyoosha uso kwa kuondoa chuma, yaani kunapunguza ghala lilelile ambalo tayari limepungua. Diski ya 22.3 ikichongwa itashuka chini ya kikomo siku hiyohiyo ikiwa inang'aa. Kwa barabara za huku sioni hesabu inayoitetea. Kwenye mtumba sitakuwa mkali hivyo. Diski ya mtumba iliyopimwa ikakutwa na 23 na nusu, haina ufa wala vishimo, naiona bora kuliko diski mpya ya bei chee isiyojulikana imetoka wapi. Lakini zinunuliwe mbili zinazolingana, kwa kuwa upande mmoja ukiwa mzima na mwingine umechoka, gari huvuta upande mmoja likifunga breki.

Baada ya kufunga, kuna jambo moja ambalo halina nafasi ya kusahauliwa. Ili diski nene iingie, pistoni ilisukumwa nyuma, kwa hiyo pedeli itazama mara za kwanza. Ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu, kabla ya kuwasha injini. Halafu gari lipelekwe kwenye tambarare, na Hanang tunazo za kutosha kuelekea mashamba ya ngano ya Basotu, likafunge breki za wastani mara kumi hivi, likipewa nafasi ya kupoa katikati, ndipo pedi na diski zizoeane. Nati zikazwe tena siku ya pili. Mlima usubiri mpaka hapo.

Na kwenu wenye maduka ya spea Katesh, Haydom na Mbulu mjini: wekeni vernia moja juu ya kaunta, pembeni ya daftari la mauzo. Mnunuzi akiishika diski, ipimwe mbele yake, namba iandikwe kwenye risiti.