Nchi Jirani: Kofia Ngumu ni Zana ya Kazi



Mazungumzo yetu ya leo yanavuka mpaka, lakini hayahusu vita wala mkutano wa wakuu wa nchi. Yanahusu kichwa cha mtu atafutaye riziki yake juu ya magurudumu mawili.

Jina bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Katika miaka ya 1960 vijana wa upande wa Busia walipakia abiria kwenye baiskeli, wakiwavusha kipande cha ardhi kilichotenga vituo viwili vya forodha. Baadaye baiskeli iliipisha pikipiki, na kazi ya mpakani ikaenea Kampala, Kisumu na Nairobi, ikaingia na kwetu.

Mjenzi wa ghorofa na mchimba madini wana mwajiri ajulikanaye, na mkaguzi akitaka kumwona anajua mlango wa kubisha. Dereva wa bodaboda mara nyingi hana mlango huo. Chombo ni cha mtu mwingine, naye mtu huyo hungoja hesabu yake kila jioni. Injini ikiharibika wawili hao watajadiliana, maana bila injini hakuna hesabu. Kofia ngumu ikipasuka, hilo ni shauri la dereva peke yake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unatamka kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Lakini mwenye chombo akiulizwa atajibu kwamba yeye si mwajiri, amekodisha pikipiki tu. Jibu hilo limewaacha vijana wengi vichwa wazi.

Ni vema askari wakumbuke kwamba jeshi ndilo lililotangulia kuithibitisha kofia hii kuwa zana ya kazi. Mwezi Mei 1935 afisa mashuhuri wa Uingereza, T. E. Lawrence, aliyepigana jangwani Arabuni katika Vita Kuu ya Kwanza, alianguka na pikipiki yake akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa na kofia ngumu. Alikaa siku sita bila fahamu, akafa. Mmoja wa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Vita ya pili ilipoanza, Cairns aliwachunguza matarishi wa jeshi waliopeleka barua kwa pikipiki, tena usiku, taa zikiwa zimefifishwa kwa kuogopa ndege za adui. Katika taarifa yake ya 1941 alionyesha kwamba katika miezi 21 ya mwanzo wa vita waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa barabarani nchini Uingereza. Kati ya majeruhi aliowaona mwenyewe, saba walikuwa wamevaa kofia ngumu, na hao wote saba walipona. Mwezi Novemba mwaka huo huo jeshi likaamuru kila mwendesha pikipiki aliye kazini aivae. Raia wa Uingereza walilazimishwa mwaka 1973, yaani miaka 32 baadaye. Basi tusidhani kwamba uzito wa kukubali jambo lililo wazi ni ugonjwa wa Afrika peke yake.

Kofia hiyo hufanyaje kazi? Ganda la nje hutawanya kishindo, lakini mwokozi hasa ni povu gumu la ndani. Povu hilo hukubali kubonyea, na katika kubonyea huko kichwa husimama polepole kidogo badala ya kusimama ghafla, hivyo ubongo haujipigizi kwa nguvu ukutani mwa fuvu. Povu likishabonyea halirudi. Kofia iliyokwisha kupata ajali imemaliza utumishi wake, hata ikipakwa rangi mpya. Na kofia ya fundi wa ujenzi haifai barabarani. Ile imetengenezwa kwa ajili ya tofali linaloanguka kutoka juu, nayo imening'inizwa kichwani kwa mikanda tu. Dereva akianguka hutangulia kuruka yenyewe. Hali kadhalika kofia nzuri isiyofungwa mkanda wa kidevu. Mapitio yaliyokusanya tafiti 61, yaliyotolewa mwaka 2008, yalikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Sheria zipo. Uganda ilitunga kanuni za kofia mwaka 2004. Kenya iliiweka katika marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012, ikimtaja dereva na abiria pia. Hata hivyo, katika miji ya nchi zote mbili ni jambo la kawaida kuona kofia moja iliyotundikwa kwenye usukani, nayo hupanda kichwani panapotokea kizuizi cha polisi na kushuka kizuizi kikishapitwa. Dereva wa namna hiyo anamkinga askari, hakingi kichwa.

Nchini Rwanda mambo ni mengine. Mgeni aingiaye Kigali hushangaa kukabidhiwa kofia kabla hajakaa, na dereva haondoki mpaka abiria ameivaa. Madereva wa Kigali nao ni vijana maskini kama wenzao wa Kampala. Tofauti ni kwamba huko askari husimamia kanuni ile ile leo na kesho, mvua inyeshe isinyeshe. Askari anayepokea shilingi mbili tatu na kumwachia dereva aende bila kofia, huyo ameuza kichwa cha mtu kwa bei ya chai.

Polisi ndio mara nyingi wa kwanza kufika penye ajali, hivyo liko jambo wapaswalo kulijua. Majeruhi wa kichwa aweza kuinuka, akajipangusa vumbi, akasema hana neno, huku damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Baada ya saa kadhaa huanza kutapika, kusinzia ovyo, au mboni ya jicho moja hupanuka kuliko ya pili. Huyo asiachwe alale nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja. Na aliyelala chini na kofia asivuliwe kwa kuvutwa, kwani huenda shingo nayo imeumia.

Limebaki jambo moja la aibu kidogo. Askari aliye likizoni, au anayewahi lindo asubuhi, hupanda nyuma ya bodaboda na bereti yake. Dereva anayo kofia ya pili, lakini nani atamwambia afande avue bereti avae kofia ya abiria? Dereva hunyamaza, akaondoa pikipiki. Mwenye kuweza kuuvunja ukimya huo ni afande mwenyewe, kwa kunyoosha mkono na kuiomba.