Usafi wa Fuwele na Subira ya Mtafiti



Kila bajeti inapokaribia, mtafiti wa sayansi huulizwa maswali mawili: kazi yake ina faida gani, na faida hiyo itaonekana lini? Ni maswali ya haki, kwa kuwa fedha ni za wananchi. Hata hivyo, kazi ya mkemia Mercouri Kanatzidis yathibitisha kwamba asiyestahi subira hupoteza hata kile alichokwisha kukigharimia.

Kanatzidis alizaliwa Thessaloniki, Ugiriki, mwaka 1957, akapata udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1984. Tangu mwaka 2006 anafundisha Chuo Kikuu cha Northwestern. Shughuli yake ya msingi ni kuunda kampaundi mpya na kuchunguza tabia zake.

Tawi la kwanza la shughuli hiyo ni kugeuza joto kuwa umeme pasipo mtambo wenye kuzunguka. Kampaundi ifaayo sharti ipitishe umeme na kuzuia joto, ilhali vitu vingi vipitishavyo umeme vema hupitisha joto pia. Mwaka 2014 yeye na wenzake walitangaza kwamba fuwele moja ya bati na seleni imefikia kipimo cha ubora cha 2.6, katika joto la nyuzi 650 hivi za Sentigredi. Lakini fuwele moja huvunjika upesi, na vipande vya fuwele nyingi zilizoshikana, vifaavyo zaidi kwa viwanda, havikufikia kiwango hicho. Shaka ikazuka. Kumbe chanzo kilikuwa oksidi ya bati, kiasi kidogo mno, iliyokuwa ikipitisha joto. Mwaka 2021 watafiti wa Korea Kusini, wakishirikiana naye, waliiondoa oksidi hiyo, na kipimo kikafika 3.1 hivi.

Tawi la pili ni kutambua mionzi. Mwaka 2013 kundi lake lilieleza fuwele ya sesiamu, risasi na bromini. Atomu zake nzito huzuia mionzi ya gama, na elektroni zinazong'olewa hukusanywa kama alama ya umeme. Vyombo bora vya jemani sharti vipoozwe mno. Fuwele hii hufanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Lakini takataka chache tu huzinasa elektroni njiani. Kwa kuisafisha fuwele na kuboresha chombo chenyewe, upana wa alama ya gama ya sesiamu-137 ulipungua kutoka asilimia 3.8 mwaka 2018 hadi 1.4 mwaka 2021. Kadiri alama inavyokuwa nyembamba, ndivyo chombo kinavyopambanua mnururisho mmoja na mwingine.

Matawi ni mawili, lakini adui alikuwa mmoja: uchafu usioonekana kwa macho. Kumshinda kulichukua miaka saba upande mmoja, minane upande wa pili. Mtumishi ambaye angefuta fungu la fedha mwaka wa tatu angeandika katika jalada kwamba utafiti umeshindwa, na hesabu zake zingekuwa sahihi. Naye mwalimu anayemrudisha mwanafunzi kuosha upya chupa ya maabara hampotezei wakati. Anamfundisha nusu ya sayansi.